Uongo Usio na Kosa la Sarufi

Kuna siku moja imenikaa kifuani tangu ujana, Aline mwanangu, na kila nikiifikia damu inanipanda upya. Ningependa kukwambia kwamba uzee umeipoza hasira yangu. Haujaipoza. Nimelea watoto, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimefundisha Kiingereza hapa Masisi na kule Walikale mpaka nikastaafu, na bado nikiifikia siku ile nawaka kama msichana. Nakusimulia wewe kwa sababu ni mtoto wa mdogo wangu, na kwa sababu Jumatatu unaanza kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya Rubaya. Kaa hapa karibu na moto. Mimi shangazi yako leo sitasema kwa upole sana, nivumilie.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, hapa hapa Muheto. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Prof Faustin, maana kwetu kila mwalimu wa sekondari huitwa Prof. Nianze kwa kumtendea haki: alikuwa mwalimu hodari, na sijapata kumwona mwingine wa kumfikia. Alivaa koti lilelile la kahawia mwaka mzima, lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni, na akiingia darasani hata wavulana wa nyuma walifunga midomo. Vitabu sisi hatukuwa navyo. Yeye alikuwa nacho kimoja, akituandikia ubaoni hadithi ukurasa kwa ukurasa, nasi tukinakili. Muhula ule tulisoma habari za mwanamke mzee wa nchi ya baridi anayefukuzwa katika nyumba aliyozaliwa, kwa sababu mwenye ardhi anataka kufuga kondoo. Sisi watu wa Masisi, ambao babu zetu waliona mashamba ya mtama yakizungushiwa waya yawe malisho ya ng'ombe, hatukuhitaji kuelezwa sana. Msichana mmoja aliyeketi karibu nami alilia waziwazi, na Prof Faustin hakumcheka.

Jambo alilotudai kuliko yote ni hili: ukitafsiri, usiongeze, usipunguze. "Mwandishi hayuko hapa kujitetea," alisema akigonga ubao kwa kidole. "Kwa sasa wewe ndiye mdomo wake." Ukiruka neno dogo tu, alama zinakwenda. Niliwahi kuruka neno "hata" katika sentensi moja, akanirudishia karatasi ina wino mwekundu utadhani nimechinja kuku juu yake. Nami nilimpenda kwa hilo. Nilifikiri, huyu ni mtu anayeheshimu maneno ya watu.

Basi mwaka huo vita vikawashika watu wa vilima vya upande wa Walikale. Wakaanza kuteremka kwetu wamebeba masufuria na blanketi zilizolowa, wengine wakivuta mbuzi mmoja, wengine hawana hata huyo. Mkuu wa shule yetu, tuliyemwita Papa Prefe, aliwafungulia madarasa siku ileile ya kwanza. Hilo pia lazima nilitaje. Lakini wiki zikapita, vita havikuisha, na wakimbizi wakawa bado wanalala kwenye madarasa yetu. Sisi tukasomea kanisani. Kukiwa na misa tunatoka, kukiwa na ndoa tunatoka, kukiwa na maziko tunatoka. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na wazazi walianza kunung'unika mlangoni kwa Papa Prefe kila asubuhi.

Katika darasa letu wenyewe alilala mwanamke aliyeitwa Mama Mwamini, pamoja na watoto wake. Mama yangu alikuwa akinituma kumpelekea viazi na majani ya maharagwe. Ubaoni palikuwa bado pana kipande cha ile hadithi, kwa maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifuta. Akaniuliza, "Sifa, ile maandiko inasema nini?" Nikamsomea, nikamgeuzia kwa Kiswahili. Tangu hapo nikifika na viazi ananiketisha chini ananiuliza, "Na kiisha? Yule mama wa kondoo alifanya nini kiisha?" Nikawa namletea viazi pamoja na ukurasa tulionakili siku hiyo. Wanawake wengine wakasogea. Walibishana kuhusu yule mwenye ardhi kama vile wanamjua kwa jina na ukoo. Mwanangu, nimefundisha fasihi miaka mingi, lakini sijapata tena darasa lililosikiliza namna ile.

Ndipo wakaja wageni wawili, mwanamume na mwanamke, katika gari jeupe lililojaa tope mpaka kwenye vioo. Kifaransa chao kilikuwa cha kuombea maji tu. Lugha yao ilikuwa Kiingereza. Walikuja kuangalia hali ya wakimbizi na kuamua: kama watu wako tayari kurudi makwao, yataletwa malori yawarudishe, kama hawako tayari, itatafutwa njia nyingine. Watu wote wakaitwa uwanjani mbele ya shule. Wageni walikaa kwenye viti vya kanisani, Papa Prefe kando yao, na Prof Faustin kasimama katikati, maana ndiye mtafsiri. Sisi wanafunzi tulipangwa nyuma, mashati meupe, tuonekane wazuri.

Wageni wakauliza: nyinyi wenyewe mnataka nini?

Wakimbizi wakamsukuma Mama Mwamini mbele, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutetemeka. Akafunga kitenge chake vizuri, akasema. Naweza kukurudishia maneno yake leo hii bila kuokota mengine njiani.

"Miye niliacha maharagi mu shamba, ilikuwa ya kuvuna. Balichoma nyumba, balichoma na ghala. Bwana yangu alirudi kutafuta mbuzi, hakurudi tena. Bale batu benye balituchomea, bangali kule. Tukirudi leo, tunarudi kwa nani? Tunajua hii kalasi ni ya batoto, na tunaona haya. Mutupatie fasi ingine, hata mu kiwanja, tutajenga vibanda. Lakini kurudi, hapana. Kurudi ni kufa."

Alisema polepole, akinyamaza kila mara ili mtafsiri apate nafasi. Prof Faustin hakutafsiri katikati. Alisubiri mpaka mwisho, akakunja mikono mgongoni, akawageukia wageni. Na kwa Kiingereza safi, kile kilekile alichotufundishia, akasema: "Mama huyu anawashukuru kwa kuja. Anasema wanasikitika kwamba wamezuia watoto kusoma. Wako tayari kurudi nyumbani, wanaomba usafiri tu."

Mgeni mwanamume akaandika. Mgeni mwanamke akamtabasamia Mama Mwamini. Na Mama Mwamini, kwa kuona tabasamu, akafikiri amesikika, akatikisa kichwa kukubali!

Aline, ni kule kutikisa kichwa ndiko kunakoniuma mpaka leo. Alikuwa anakubali kupelekwa kwenye kifo chake, kwa heshima, mbele ya watu wote, kwa sababu mtu aliyesoma alikuwa amesimama kati yake na masikio ya wageni. Nilitazama huku na huku. Darasa letu zima lilikuwa limesikia. Tulikuwa tumefundishwa vizuri mno, tusingeweza kutosikia! Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Nami nilikuwa naona ile karatasi yangu yenye wino mwekundu. Kwa neno "hata"! Kwa neno moja la mtu aliyekufa zamani katika nchi ambayo hatutaifikia alinikata alama, na hapa mwanamke aliye hai, anayepumua, ana watoto mgongoni na pembeni, Prof ameruka kila neno lake!

Sikupanga. Nilisikia tu sauti yangu iko mbele yangu, inasema kwa Kiingereza, "Si hivyo alivyosema."

Papa Prefe akainuka nusu kwenye kiti. Nikaendelea, na nakiri, Kiingereza changu kilikuwa cha kusikitisha. Nilichanganya nyakati, nikaweka ya jana mahali pa ya kesho. Mwanamke nilimwita "yeye mwanamume". Neno la ghala sikulijua, nikasema nyumba ya maharagwe. Lakini nilisema: wamechomewa nyumba. Waliochoma wako huko bado. Hataki kurudi. Kurudi ni kufa.

Unajua Prof Faustin alifanya nini? Hakusema, "Mtoto huyu anadanganya." Angethubutu vipi, watu wote wa Muheto wamesikia Kiswahili cha Mama Mwamini? Aliwageukia wageni akatabasamu, tabasamu la mwalimu aliyechoka, akasema, "Mwanafunzi wangu bado hajaimudu sarufi. Msimsikilize." Kisha akaanza kunisahihisha! Pale pale, mbele ya watu waliokaa ukingoni mwa kaburi lao, akanionyesha kitenzi nilichokosea. Uongo wake yeye haukuwa na kosa la sarufi hata moja. Ulikuwa umenyooka, umechanwa nywele, umevaa koti. Ukweli wangu ulikuwa unachechemea, na kwa kuchechemea huko akataka ufukuzwe uwanjani.

Yule mgeni mwanamke akainuka. Akaniita kwa mkono. Akasema polepole ili nielewe, "Mwombe mama aseme tena, kidogo kidogo. Wewe utaniambia."

Nikamgeukia Mama Mwamini. "Mama, bageni banaomba useme tena. Prof alibaambia ya kwamba munakubali kurudi."

Mama Mwamini alimtazama Prof Faustin. Hakumtukana. Alisema tu, "Faustin, na miye nililala mu kalasi yako nikikuombea." Halafu akaanza upya, sentensi moja, akinyamaza, sentensi nyingine, akinyamaza, nami nikibeba kila moja kama mtu anayebeba maji kwenye mikono. Niliposhindwa neno nililionyesha kwa vidole. Sikuongeza. Sikupunguza. Hata ile sentensi ya kwamba wanaona haya kukaa katika madarasa yetu niliisema, ingawa niliogopa ingewaharibia, kwa sababu ilikuwa yake na aliisema.

Wageni waliondoka bila kuahidi chochote. Siku chache baadaye likaja lori, na watu walipoliona walikimbilia migombani, wakidhani ni la kuwarudisha. Lilikuwa limebeba maturubai na miti. Wakajengewa vibanda kwenye uwanja wa mpira, mahali palepale Mama Mwamini alipoomba tangu mwanzo. Madarasa yetu yakafagiwa, wenzangu wakarudi kukaa kwenye madawati. Unaona ubaya wa jambo lile? Uongo haukuhitajika hata kidogo! Shule ingepata madarasa yake na watu wangebaki hai, kwa maneno yaleyale ya yule mama. Ilitosha kuyafikisha tu. Lakini mtu mwenye elimu alishaamua kwamba mwanamke wa shambani hawezi kuwa na jawabu, kwa hiyo hakuona sababu ya kulipeleka.

Madarasa yalirudi, ila mimi sikurudi. Papa Prefe alimwita baba yangu, babu yako, ambaye unamjua alikuwa mkulima wa maneno machache. Nilisimama mlangoni nikasikia yote.

"Papa Sifa, mutoto wako aliharibu jina ya masomo. Alimupa Prof haya mbele ya bageni. Tunamufukuza."

Baba akauliza kama nilidanganya: "Prefe, alisema bongo?"

"Hapana. Lakini ilikuwa mbele ya bageni."

"Sasa angesema mbele ya nani? Bageni njo benye baliambiwa bongo."

Papa Prefe akachukua muhuri, maana mtu asiye na jibu akiwa na muhuri hutumia muhuri. Nilifukuzwa. Tulishuka kilima mimi na baba hadi mtoni. Hapo akasimama, akavua kofia, akaosha uso, akasema, "Nina woga sana, mutoto yangu. Lakini nimefurahi." Kisha tukaenda zetu.

Jioni ile sikufurahi mimi. Nilikwenda uwanja wa mpira, kibandani kwa Mama Mwamini, nikamkuta anatwanga mihogo. Nikamwambia sitasoma tena Kiingereza. Nikasema ni lugha ya waongo, ni mlango wa watu wakubwa kupitishia ubaya wao bila sisi kuwasikia. Nilitegemea anikumbatie. Nilitaka anihurumie, maana nilifukuzwa kwa ajili yake. Yule mama akaweka mchi chini, akanikazia macho.

"Nyamaza kwanza. Nani alisema bongo, Kiingereza ao Faustin?"

"Faustin."

"Na nani alinielezeaka habari ya yule mama wa kondoo? Haiko weye? Si mu Kiingereza njo uliisomea? Sasa unataka kukiacha, kisha kesho bageni batarudi, nani atatusemea? Yeye tena? Unataka kubakia na hasira yako safi, na siye tubakie na Faustin? Kwenda usome! Na usinililie hapa, niko na batoto ya kulisha."

Aline, maneno yale yaliniwasha kama pilipili machoni. Nilikuwa nimefanya jambo jema, nami nikataka kulikalia kama kiti. Yeye, aliyepoteza mume, shamba na nyumba, aliona mbele zaidi yangu. Alikasirika kunizidi, na hasira yake aliipa kazi.

Ndiyo maana baba alinipeleka Ntoto, kijiji cha msitu wa Walikale ambacho vita havikukifikia, kwa dada yake. Ulikuwa mwendo wa kupanda na kushuka msituni, matope mpaka magotini, nimebeba gunia la nguo na zile karatasi nilizonakili. Shule ya Ntoto ilikuwa ya mbao, na mvua ikinyesha juu ya bati mwalimu anangoja mpaka ipite. Nilimaliza huko, nikapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nikasomea ualimu, nikarudi kufundisha katika mbao zilezile. Mama Mwamini alirudi kwao mwenyewe, kwa miguu yake, njia ilipokuwa na amani, akapanda maharagwe. Nilipata habari kwamba binti yake mmoja alikuja kuwa muuguzi.

Prof Faustin nilikutana naye baadaye, miaka mingi imepita, kwenye kusahihisha mitihani. Koti lilikuwa jingine, mtu ni yuleyule. Alinisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kihunde, lugha ya kwetu. Tulikula pamoja mchana, na katikati ya chakula akasema, "Sifa, nilikuwa na wanafunzi wa mtihani, sina darasa. Wewe sasa ni mwalimu, utanielewa." Nilimwelewa, na kuelewa hakukunipunguzia kitu. Kila anayeziba mdomo wa mwenzake ana sababu, tena nzuri, tena mara nyingi ni ya watoto! Nikamwambia, "Ulitufundisha vizuri, Prof. Ndiyo maana nilikusikia." Akaacha kula.

Sasa nakuja kwako. Juzi uliniambia, tena ukicheka, kwamba mkubwa mmoja wa pale Rubaya ameshakuomba: wakija wageni wa Kiingereza kuwauliza wachimbaji wa madini hali zao, utatafsiri wewe, "lakini kwa kifupi". Kwa kifupi! Mtu ametoka shimoni, ndugu yake amefunikwa na udongo wa kilima, anaongea mpaka sauti inakatika, nawe uwaambie wageni kwamba anawasalimu? Na usiseme wewe ni mgeni kazini. Mimi nilikuwa na shati la shule na vitenzi vilivyovunjika. Wewe una digrii.

Wala usidhani hili ni jambo la wageni tu. Linaanzia darasani. Ukimsomesha mtoto wa mchimbaji hadithi ya watu wa mbali, na akisimama kusema inamkumbusha mama yake unamwambia "hilo haliko kwenye mtihani", umeshafanya kile alichofanya Faustin uwanjani. Umemruka. Ukimcheka kwa kukosea kitenzi wakati anakuambia jambo zito, utakuwa umemfundisha kwamba anayepaswa kusikilizwa ni yule asiyekosea. Nimewaona walimu wa namna hiyo, wamejaa kutoka Masisi mpaka Walikale, wanawakaririsha watoto maswali na majibu kama kasuku, halafu wanalalamika kwamba vijana hawaipendi lugha. Waipende kwa nini, kama haijawahi kubeba neno lao hata moja?

Kwa hiyo shika hili, mwanangu, nalisema wazi ili kesho usiseme shangazi alizungumza kwa mafumbo. Fundisha sarufi, ifundishe kwa ukali, maana neno likinyooka linafika mbali. Lakini msikilize kwanza mtoto, kisha ndipo umsahihishe. Maneno ya mtu aliye hai yape heshima uliyofundishwa kuyapa ya mwandishi aliye kitabuni. Ukiitwa kutafsiri, fikisha yote au kataa kazi mchana kweupe. Hakuna njia ya tatu. Na ukifukuzwa kwa sababu hiyo, usijifungie ndani na hasira yako. Ichukue, uende nayo shule nyingine, ufundishe.

Haya, simama nikubariki, magoti yangu hayanyanyuki upesi. Mungu wa baba zetu akutangulie kwenye kilima kile. Akupe ulimi usionunuliwa na sikio lisilochoka. Akulinde na wakubwa wanaopenda mambo mafupi. Na akujalie mwanafunzi mmoja, hata mmoja tu, atakayesimama siku moja mbele za watu na kukwambia, "Madame, si hivyo alivyosema," na akujalie siku hiyo uwe na moyo wa kukaa chini na kumwachia uwanja.